Deni la Jina

Sisi tunaoishi Boston na vitongoji vyake huwapeleka wageni Charlestown kutazama merikebu kongwe ya Constitution. Wachache wetu wanajua kuwa katika karakana hiyo hiyo ya jeshi la majini, tarehe 17 Desemba 1943, ilishushwa majini meli ambayo haikwenda vitani hata siku moja.

Iliitwa Oswald A. Powers, ya kusindikiza misafara ya meli na kupambana na nyambizi. Marekani iliagiza meli za aina hiyo zaidi ya 1,000, zikamalizika 563. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zimekwishapigwa vibaya Atlantiki, na vyombo vya kuwateremsha askari ufukweni vikahitajika zaidi. Januari 1946 ujenzi ulifutwa, meli ikavunjwa.

Hapo hatuna ugomvi. Kumaliza chombo kisichohitajika ni kuwatoza jasho walio hai kwa ajili ya maonyesho tu.

Lakini meli hizi zilipewa majina ya wanamaji waliokufa. Powers alikuwa rubani wa ndege ya torpedo, hakurudi kutoka Midway Juni 1942. Je, meli ikivunjwa, ahadi iliyomo katika jina nayo imevunjwa? Sisi tuliozoea kumpa mjukuu jina la babu hatuwezi kulipita swali hili hivi hivi.

Wapo watakaosema marehemu hasikii. Sawa, ila ahadi ya namna hii haisemwi sikioni mwa marehemu. Husemwa hadharani, na nyumbani kwao watu wanasikia.

Tena dawa yake ilijulikana. Meja Kenneth D. Bailey, aliyefia Guadalcanal mwaka 1942, naye alipangiwa meli ya kusindikiza, ikafutwa mwaka 1944. Jina lake likahamishiwa manowari kubwa zaidi, iliyoanza kazi Julai 1945. Wengine kadhaa walitendewa vivyo hivyo. Powers hakupata, hakuna manowari iliyopata kutumika kwa jina lake.

Kwa maoni yetu, taifa halikuwa na deni la chuma kwa Powers. Lilikuwa na deni la neno, nalo halina tani wala halihitaji mafundi. Tangu kushushwa majini hadi kufutwa, ile meli ilikaa zaidi ya miaka miwili bila kumalizika. Nafasi ya kulihamisha jina ilikuwapo.