Aliyewapokea Wageni Mbeya

Msibani Kisondela, kama kwingine Rungwe, hufika wakati karatasi ikasomwa. Ni historia ya marehemu: mwaka aliozaliwa, ubatizo, shule, kazi, vyeo, ndoa, watoto, wajukuu, ugonjwa, kifo. Watu husikiliza kwa adabu, wengine macho yakiwa migombani. Kisha husimama mtu ambaye hata kwenye ratiba hayumo, akasema: "Huyu mzee alinipokea nilipokuwa sina pa kwenda." Hapo vichwa huinuka. Swali linalonishughulisha ni hili: maisha ya mtu aliyetumikia umma, mwanasiasa au mjumbe wa nchi yake, maana yake imo katika ile karatasi, au imo kinywani mwa yule aliyepokelewa?

Rungwe ina mfano wake. John Mwakangale alikuwa mtu wa TANU na mbunge, mwana wa wilaya hii ambayo wakati huo iliteremka mpaka Kyela na ufuko wa Ziwa Nyasa. Wanaolijua jina lake leo nje ya Mkoa wa Mbeya wengi wao wamelikuta mahali pamoja tu, katika kumbukumbu za maisha ya Nelson Mandela zilizochapishwa mwaka 1994. Na humo Mwakangale hahutubii wala hatii saini mkataba. Jina lake linatajwa tu mbele ya mhudumu wa mapokezi wa hoteli, na anayelitaja ni mtu mwingine asiye na jina kitabuni.

Ilikuwa Januari 1962. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa wiki chache tu, tangu tarehe 9 Desemba 1961. Mandela alikuwa ametoka Afrika Kusini kwa siri, bila pasipoti, akitumwa na ANC kutafuta msaada katika nchi za Afrika. Yeye na mwenzake Joe Matthews waliruka kutoka Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, wakatua Mbeya. Hotelini wakakuta jambo ambalo kwao halikuwako: weusi na weupe wameketi pamoja barazani, wanaongea. Walikuwa wakimsubiri Mwakangale, wasijue kwamba alikwisha kufika kuwaulizia. Mwafrika mmoja aliyekuwa mgeni hotelini hapo akamwuliza mama wa Kizungu wa mapokezi kama Mwakangale aliwaulizia mabwana hawa wawili. Mama akaomba radhi: aliulizwa, lakini alisahau kuwaambia. Mwafrika yule akamtaka awe mwangalifu, kwa upole lakini bila kulegea, kwa kuwa hawa walikuwa wageni wao na walistahili kuhudumiwa ipasavyo.

Basi, hayo tu. Mandela anaeleza kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mtu huru. Kwao alikuwa akisakwa na polisi, lakini mzigo aliobeba tangu kuzaliwa aliusikia ukimtoka mabegani.

Ni rahisi kutoa hapa fundisho la haraka kwamba mambo madogo ndiyo makubwa, neno jema lashinda vyeo. Sikubali kulitoa mapema hivyo. Sauti ile haikutoka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika aliyeingia katika hoteli kama ile na kumsahihisha mhudumu wa Kizungu angeonyeshwa mlango. Kati ya wakati huo na Januari 1962 palikuwa na mikutano ya TANU iliyofanyika mvuani, kadi zilizouzwa kijiji kwa kijiji, kesi, chaguzi, hesabu za michango. Palikuwa pia na mkutano wa Mwanza wa Septemba 1958, ambapo vyama vya kupigania uhuru vya Afrika Mashariki na Kati viliunda PAFMECA ili visaidiane. Chombo hicho kilipanua mipaka yake mwaka 1962, kikawa PAFMECSA, na mkutano wake wa Addis Ababa wa Februari mwaka huo ndio uliompa Mandela nafasi ya kuwahutubia wajumbe wa nchi na vyama mbalimbali vya Afrika. Baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuundwa Mei 1963, kazi ya PAFMECSA ilimezwa na chombo kipya, na jina lake likabaki kwa wanahistoria.

Kwa hiyo neno la dakika moja lilisimama juu ya miaka ya kazi isiyokumbukwa. Lakini kazi hiyo nayo isingejulikana ilikuwa ya nini kama pasingetokea dakika kama ile, ambapo mgeni anaweza kuuona uhuru kwa macho na kuusikia kwa masikio. Katiba na bendera huahidi. Mapokezi ndiyo yanayothibitisha.

Kwa mtu wa Rungwe, jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi barabara ya kwenda kusini ilichukua vijana kutoka milima hii na bonde la Kyela kwenda migodini, wengine Zambia ya leo, wengine Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi. Huko walipokelewa kwa namba, kipande na kitanda cha kompaundi. Nchi iliyowatumia ilitaka mikono yao, nafsi zao ziishie getini. Mwaka 1962 watu wawili wa Afrika Kusini walikuja kwa njia ya kinyume, mmoja wao hana hata pasipoti, na mtu wa Rungwe akaenda kuwaulizia kama wageni. Angeweza kuwasubirisha kwa kiburi cha aliyetangulia kupata. Hakufanya hivyo, aliwafuata tu, akiwapa kile ambacho vijana wa kwao walinyimwa.

Wala ukarimu huo hakuukuta kwa bahati. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe, wakala pamoja na kutembeleana. Katika vijiji hivyo mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Ukarimu haukuwa pambo la tabia, ulikuwa ndio siasa yenyewe: uongozi ulipimwa kwa namna mtu anavyokaa na watu. Mwana wa mila kama hiyo akiwa mbunge hahitaji kufundishwa itifaki. Anahitaji tu nchi itakayompa haki ya kuitumia mbele ya yeyote.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua. Ikiwa maana ya maisha yetu iko mikononi mwa waliotupokea au tuliowapokea, basi hatuimiliki. Mwakangale hakuchagua kukumbukwa kwa tukio hilo. Huenda yeye mwenyewe aliyathamini zaidi mambo mengine ambayo sasa yamelala kwenye majalada. Na yule mama wa mapokezi je? Naye amebaki katika historia kwa kusahau ujumbe mmoja, bila jina na bila nafasi ya kujieleza. Dakika moja ilimwinua mmoja na kumgandisha mwingine. Kumbukumbu ya wengine si hakimu wa haki, ni shahidi aliyekuwapo kwa bahati.

Lakini sidhani kwamba hilo linabomoa hoja. Linaonyesha tu kwamba kukumbukwa na kuwa na maana ni vitu viwili. Siku ile hakuna aliyejua kwamba mgeni angekamatwa Agosti mwaka huohuo, angekaa gerezani miaka 27, kisha angekuwa rais. Kama Mwakangale na yule Mwafrika wa hotelini wangefanya walivyofanya kwa kuwekeza kwenye sifa ya baadaye, tendo lingepungua thamani. Lilikuwa na maana hata kama wageni wale wangepotea njiani na kitabu kisiandikwe kamwe. Kitabu kilituambia tu. Ni wangapi waliopokelewa vivyo hivyo, wakarudi kwao na kufa bila kuandika?

Baada ya Mbeya, Mandela alikwenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere, na Tanganyika ikampa karatasi iliyosema kwamba huyu ni Nelson Mandela, na kwamba ana ruhusa ya kutoka na kurudi. Karatasi hiyo ilimvusha mipaka. Serikali changa ilifanya kwa mhuri jambo lile ambalo yule Mwafrika wa hotelini alikuwa amelifanya kwa mdomo: ilimtambua mtu aliyekataliwa kwao.

Leo kiti kile cha mapokezi tunakikalia sisi. Katika ofisi, zahanati na vituo vyetu, anayesahau kumwambia mwenye shida kwamba ameulizwa ni mwenzetu, na anayesubiri kwenye benchi tangu asubuhi ni mwenzetu pia. Mkoloni hayupo wa kulaumiwa. Kumheshimu Mwakangale kwa kutaja jina lake ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuuliza ni nani miongoni mwetu ana ujasiri wa kumwambia aliye nyuma ya meza, kwa upole na bila kulegea, kwamba huyu aliyekaa hapa ni wetu. Na aliye nyuma ya meza, akiambiwa hivyo, kama ataomba radhi au ataita mlinzi. Jibu lake ndilo litakalotuambia tumefika wapi tangu Desemba 1961.