Kupanga ni Kuchagua

Mwaka 1969, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere alituachia maneno matatu ambayo sisi wanachuo wa ualimu tuliyakariri kama jedwali la kuzidisha: kupanga ni kuchagua. Maana yake haikuwa ngumu. Nchi maskini haiwezi kupata kila kitu kwa wakati mmoja; ikijenga hiki, kile hakina budi kungoja. Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka hamsini, wala siyapingi. Lakini kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyoona kwamba yalibeba swali ambalo hatukuliuliza darasani: anayechagua ni nani, na anayengojeshwa ni nani?

Swali hilo sikulipata vitabuni. Nilipewa na mzee mmoja mwaka 1974, nilipokuwa mwalimu kijana katika bonde hili la Kilombero. Novemba ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na chama kilikwisha kuazimia kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia vijijini. Walimu tulipewa kazi ya kuwaelimisha wananchi. Mimi niliangukiwa na kaya chache zilizokuwa mbugani, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabarani.

Nilimkuta mzee huyo juu ya dungu, akifukuza ndege kwenye mpunga wake. Nikamwamkia, akashuka, nikamsomea karatasi yangu: shule, zahanati, maji, barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mambo mawili tu.

"Mwanangu, huyo aliyeandika haya amewahi kufika hapa wakati wa masika?"

Nikasema sijui.

"Na nikishahamia huko barabarani, usiku nani atanilindia mpunga na nguruwe?"

Nikamjibu kwamba serikali imekwisha kuyafikiria yote. Ulikuwa uongo, na nilijua kuwa ni uongo wakati ule ule nilipokuwa nikiutamka.

Mzee alihama. Msimu uliofuata shamba likawa mbali na nyumba, na sehemu kubwa ya mpunga wake ililiwa na nguruwe kabla ya mavuno. Laiti habari ingeishia hapo, hukumu ingekuwa rahisi. Haikuishia hapo. Shule ilijengwa kweli, na mimi nilifundisha ndani yake. Mjukuu wa mzee yule alisoma pale, akaendelea mpaka akawa muuguzi, na watu wengi wamepata nafuu mikononi mwake. Kule mbugani shule asingeliipata.

Je, ndugu msomaji, nilitenda haki?

Wenzangu wengi niliostaafu nao husema ndiyo, kwa kuwa mti hutambuliwa kwa matunda yake. Mimi sikubali. Elimu ya mjukuu ni heri ya mjukuu. Haikumrudishia babu mpunga wake, wala haikuufuta uongo wangu. Ukimdhulumu mtu gunia moja leo, kisha kesho ukampa jirani yake magunia mawili, kijiji kimepata faida ya gunia moja, lakini deni lako liko pale pale. Ndivyo ilivyo hesabu ya haki, nayo si sawa na hesabu ya maendeleo.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wasemao kwamba watu waachwe wajifanyie wapendavyo. Leo naishi Lumemo, hapa Ifakara. Mto wetu unashuka kutoka milima ya Udzungwa, na mvua ikinyesha huko, maji hutufikia hata kama kwetu kumekauka. Nyumba nyingi zimejengwa katika njia ya maji kwa sababu viwanja vya huko vilikuwa vya bei nafuu na hakuna aliyesema neno. Kutopanga nako ni kuchagua: ni kuchagua kwamba mnyonge ndiye akae mahali pa mafuriko.

Tena hakuna jambo jema lisilo na wa kulilipia. Kivuko cha Mto Kilombero kilizama Januari 2016. Mwaka 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, na sijamsikia mtu anayetamani kivuko kirudi. Lakini kila penye kivuko pana wanaoishi kwa kuwauzia abiria samaki na ndizi wakati wakingoja kuvuka, na daraja halina abiria wa kungoja. Mwaka 2012 wafugaji waliondolewa bondeni pamoja na ng'ombe wao ili ardhi oevu isiharibike. Ardhi oevu ni uhai wetu sote. Ila waliobeba gharama ya kuiokoa siku ile hawakuwa sisi sote.

Hivi karibuni nilialikwa kwenye kikao cha kujadili upanuzi wa mji wetu. Ramani ilitundikwa ukutani, imepakwa rangi: huku makazi, huku soko, huku stendi. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa tukaitia saini kabla hata maelezo hayajaanza. Kando yangu aliketi mama mmoja alimaye mpunga na mchicha ukingoni mwa mto. Akaninong'oneza:

"Babu, shamba langu liko kwenye rangi gani?"

Nikavaa miwani. Lilikuwa kwenye kijani, eneo la wazi.

"Kijani ni nzuri?"

Ningeweza kumwambia ni nzuri, na kwa mji ni nzuri kweli, maana mto unahitaji nafasi yake. Nikamwambia, "Mama, maana yake hapo hapatalimwa tena. Nyosha mkono uulize." Akanyosha. Akajibiwa kwa upole kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na swali lake likaandikwa. Mpango haujapitishwa bado.

Huenda mama yule akalikosa shamba lake, na huenda ikawa sawa likitwaliwa. Kuulizwa si kupewa uwezo wa kuwazuia watu wote. Basi kuna faida gani kumwuliza mtu ambaye mwishowe anaweza kushindwa? Naziona mbili. Ya kwanza, yeye anajua yasiyoonekana katika ramani: nguruwe wa usiku, maji ya masika. Ya pili ni kubwa zaidi. Kisiki hung'olewa bila kuulizwa. Mtu huulizwa, huambiwa ukweli, hutajiwa hasara yake kwa jina lake, ndipo wengi wanapokuwa na uso wa kumwomba awapishe.

Kupanga ni kuchagua. Naam. Lakini aliyechaguliwa kupoteza ana haki ya kulisikia jambo hilo kutoka kinywani mwa mpangaji, naye akiwa amesimama mbele yake. Mzee wa kwenye dungu alifariki kabla sijamrudia kumwambia kwamba siku ile nilimdanganya. Shule ingali imesimama. Kila ninapopita karibu nayo huifurahia, na deni langu hulikumbuka.