Uliambiwa, Ukanyamaza
Somo: Kutoka 21:28–34



Musa anatuletea habari ya ng'ombe. Akimpiga mtu pembe mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo ana mazoea, na mwenyewe alikuwa ameonywa lakini hakumfunga, hapo damu iko juu yake. Angalia swali la Mungu: uliambiwa?

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilipasuka. Lilikuwa bwawa la udongo, mali ya shamba la mtu binafsi. Mvua ilikuwa nyingi, ni kweli. Maji yakashukia watu walio chini, wengine wako kwa meza ya chakula, na zaidi ya 40 wakafa, wakiwemo watoto wengi. Baadaye Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Sasa jiulize, ofisi ya kukagua ilikuwa inangoja nini? Ukuta wa udongo unahitaji macho: maji yakianza kutokea upande wa chini, au yakikosa mfereji wa kupitia na kupanda juu ya ukuta, udongo unamegwa haraka sana.

Na sisi wa Huruma tusiseme hayo ni ya Solai. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo la ghorofa sita lilianguka hapa kwetu, kando ya mto. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lilikuwa limeshatajwa kuwa la kubomolewa, na kodi ikaendelea kukusanywa! Kwa matanga tulisema ni mapenzi ya Mungu. Ndugu zangu, nilisema hivyo pia, na nimetubu. Ule mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu alikataa kuwalaumu waliokufa. Basi tusimpe Mungu lawama ya mtu aliyeonywa.

Pengine mwenye ploti ameketi hapa leo. Unaujua ule ufa mpangaji alikuonyesha, ukampaka rangi. Pengine pia kuna afisa aliyesaini bila kufika. Sitataja jina.

Na wewe mpangaji, najua unaogopa: ukisema, utaambiwa uhame mwisho wa mwezi. Wazee wawili watabaki mbele baada ya ibada. Njoo na nambari ya nyumba, tuandike barua kwa jina la kanisa, si lako.