Kuulizwa Kwanza, Kulipwa Baadaye

Huku Mutoshi, na katika Kolwezi yote, shaba na kobalti zimo hata chini ya nyumba za watu. Mtaani Kasulo, mwaka 2017, jamaa nyingi zilihamishwa ili mgodi uzungushiwe ukuta. Twauliza: je, aliyelipwa ametendewa haki yote?

Tumkumbuke Nabothi. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Aliahidi shamba jema zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, naye akauawa. Basi malipo ni kitu kimoja, ridhaa ni kitu kingine.

Hatusemi mtu mmoja azuie manufaa ya wote. Katiba ya mwaka 2006 yakubali mali itwaliwe kwa manufaa hayo, fidia ya haki ikitangulia. Lakini yatajulikanaje, ikiwa hao wote hawakusikilizwa? Marehemu Papa Fransisko, katika Laudato si' (2015), alifundisha kwamba wenyeji wana nafasi ya pekee katika mashauri hayo.

Kwa hiyo watu waulizwe kabla vigingi havijapigwa. Nasi tukiitwa mkutanoni, tuseme kweli juu ya maji, shule na makaburi, si juu ya bei tu.