Jiwe la Kusagia na Kodi ya Chumba

Katika Torati ya Musa imo amri moja fupi ambayo wahubiri huipita upesi: mtu asichukue jiwe la kusagia la mwenzake kuwa rehani. Sababu yake yajulikana na kila mama aliyewahi kusaga. Aliyenyang'anywa jiwe hana unga, na asiye na unga amechukuliwa uhai wake, wala si kitu chake tu. Wasomaji wapenzi, leo twaitazama amri hiyo katika mitaa ya Tandale na Mwananyamala, Tandika na Mbagala, kwa maana huko huvunjwa kila siku, na baadhi ya waivunjao ni Wakristo wa Komunyo ya kila Jumapili.

Tuanze na Serikali. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake kubwa za mwanzo Dar es Salaam ilikuwa kuvunja nyumba za miti na udongo na kujenga za matofali mahali pale pale. Nia ilikuwa njema. Lakini ukivunja moja ukajenga moja, hesabu ya nyumba haiongezeki, na watu wa bara walizidi kuingia mjini. Mwaka 1972 Serikali ikageuza njia: badala ya kuvunja, kutengeneza. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia mitaa ya Manzese ikapata barabara na maji, na viwanja vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Nenda leo Mikocheni ukawatafute watu hao!

Ya Magomeni twayakumbuka. Kaya 644 za Kota ziliondolewa yapata mwaka 2011 ili pajengwe upya. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza ujenzi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayafungua maghorofa. Twashukuru. Lakini mtoto aliyeondoka pale mgongoni mwa mamaye alikuwa amekwisha soma karibu darasa zote za shule ya msingi. Muda huo wote, ni wangapi kati yao waliolala katika chumba cha kupanga?

Maana mji huu, kusema kweli, umebebwa na ile nyumba ya Kiswahili tuijuayo: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu 272,821. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728 mkoani. Wengi wao hawakupewa pa kulala na shirika lolote, bali na mwenye nyumba wa mtaani. Kwa hiyo hatumtukani. Wako wajane na wastaafu waliojenga tofali kwa tofali, na chumba cha kupangisha ndicho chakula chao.

Lakini mwenye nyumba huyo hudai kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Mpangaji ni kibarua, au mama lishe, apataye fedha yake kwa siku. Atoe wapi nusu mwaka kwa siku moja? Huuza cherehani. Hutoa mtaji wa maandazi. Hukopa kwa riba, akaingia chumbani akiwa na ufunguo mkononi na sufuria tupu. Jiwe la kusagia limekwenda. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo yametawala mapatano ya watu wawili, na mwenye njaa hapatani sawasawa na aliyeshiba.

Mwenye nyumba atajibu kwamba mpangaji wa mwezi kwa mwezi hutoroka usiku na deni. Wako wa namna hiyo, na huo ni wizi; wasijifiche nyuma ya umaskini. Lakini mara nyingi wawili hao husali rozari katika jumuiya ndogo ndogo moja. Basi mwenyekiti wa jumuiya awe shahidi, karatasi iandikwe, kodi ilipwe kila mwezi, na kwa anayeogopa, mwezi mmoja uwekwe akiba. Padre naye asione haya kuliuliza jambo hili wakati wa Kwaresima, kama asivyoona haya kuuliza zaka. Na parokia zenye vyumba vya kupangisha zianze zenyewe, mwezi ujao.