Picha ya Mgongo

Kaeni, wanangu. Vuteni benchi hilo huku ndani kidogo, jua la alasiri linafika mpaka mlangoni na macho yangu hayaliwezi tena. Nimewaita ninyi wawili tu, uliyesema na uliyejibu. Wale wengine walikuwa wanacheka, na kicheko sina dawa yake.

Jumapili kwenye kikao mwenzako aliweka picha yake mezani. Stendi ya Muleba, msimu huu wa senene, mama amenyanyua ndoo kwenye dirisha la basi. Wewe uliitazama kwa muda wa kumeza mate, ukasema, "Mbovu." Naye akasema, "Wivu tu." Kikao kikafia hapo. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha giza, nimeona picha zikiharibiwa na unyevu wa mji huu, na ukungu, na panya. Maneno hayo mawili yamenipotezea vijana wengi kuliko panya walivyonipotezea mikanda.

Nianze na wewe wa "mbovu". Neno hilo lina kazi yake kule mwaloni. Sangara akishalegea jicho humwelezi mtu, unamtupa. Picha haiozi yote kwa pamoja, ina mahali inapouma. Ungemwambia hivi: jicho langu limekimbilia kwanza kwenye bati jekundu la basi, halafu kwenye kichwa cha abiria aliyesinzia, na ndoo nimeiona mwisho kabisa. Basi. Hujamtukana wala hujampaka mafuta, umempa kitu cha kubeba akirudi stendi. Sema kwanza unachokiona. Unachokipenda kitasubiri, tena mara nyingi hatukihitaji.

Kisha uliza. Ulisimama wapi? Ilikuwa saa ngapi? Hapa Bukoba jua linachomoza ziwani, na vijana wote mnalipenda ziwa liwe nyuma ya mtu. Simu inapima mwanga wa maji, uso wa mtu unabaki masizi. Gusa uso kwenye kioo kabla hujapiga, mwanga utafuata uso. Saa sita na saa saba jua liko utosini, kofia ya mwendesha bodaboda inamla macho. Msogeze chini ya ukuta mweupe, au ngoja. Mambo haya yanasemeka kwa dakika moja, na hakuna anayekwenda nyumbani na kinyongo.

Kifaa nacho kiulizwe. Picha za rangi zilipofika kwetu, wateja walinilaumu kwamba nawaunguza sura. Nami nikaamini ni mkono wangu. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba Kodak kule Marekani walikuwa wakipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaiita Shirley, na ngozi kama zetu hazikuwamo kwenye hesabu hiyo. Miaka yote ile ningepata mtu mmoja wa kuniuliza, "Mkanda gani huo?", ningelala vizuri. Walioniambia "hujui kazi" walikuwa tele.

Sasa wewe wa "wivu". Mwanangu, nimekuelewa. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, bosi wangu alichana picha yangu mbele ya wateja, vipande vinne, akaendelea kuhesabu chenji. Sikumjibu, nikaacha kushika kamera miezi mitatu. Kwa hiyo sikuambii kwamba haiumi. Ila ulipoanza kueleza kwamba basi lilikuwa linaondoka, kondakta anapiga bati, mvua inakaribia, ulikuwa unatuomba tuitazame picha iliyobaki kichwani mwako. Sisi tuna hii iliyopo mezani. Picha ikiondoka kwako haiendi na wewe kuitetea. Kaa kimya, waache waseme hadi waishiwe, andika hata yale ya kipuuzi. Kisha nenda kalale. Asubuhi utaona lipi bado linakuchoma. Mara nyingi ndilo lenye ukweli.

Na punguza picha. Sisi mkanda ulikuwa na picha 36, kila moja na bei yake, kwa hiyo mkosoaji wa kwanza alikuwa mfuko. Wewe umeniletea picha mia mbili za stendi moja. Unataka mimi nikuchagulie, halafu nikikuchagulia unakasirika.

Mnadhani maneno makali ndiyo yanayodhuru. Mimi nilidhurika zaidi kwa sifa.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mnalikumbuka, ingawa mlikuwa wadogo. Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri. Majengo ya shule ya Ihungo yalipasuka, nyumba za tope na za matofali zikalala pamoja, watu wakafa. Nilitoka na kamera. Nilimkuta bibi mmoja amekaa juu ya godoro mbele ya kifusi cha nyumba yake, ameshika sufuria tupu mapajani, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nikapiga. Wenzangu walipoiona wakasema mistari imekaa vizuri, ule ukuta uliopinda unaongoza jicho hadi kwenye sufuria. Ilikuwa kweli, mistari ilikuwa imekaa vizuri. Nikafurahi, wanangu. Nilifurahi siku mbili nzima kabla sijajiuliza kama yule bibi alipata maji ya kuweka kwenye ile sufuria. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa nimemuuliza. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani hapa karibu na uwanja na watu 19 wakapoteza maisha, nilikwenda ufukweni bila kamera. Simu zilizoinuliwa zilikuwa zinatosha. Walioingia majini kwanza walikuwa wavuvi.

Sheria sitawafundisha. Ipo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, isomeni wenyewe, na kwa watoto muwe waangalifu mara mbili. Mimi naongelea jambo dogo kuliko sheria.

Nimezipanga picha zenu za miezi hii yote hapa sakafuni. Soko kuu, Kastam, Rwamishenye, Kemondo, Muleba. Nikahesabu migongo. Muuza ndizi, mgongo. Fundi cherehani, mgongo na nusu sikio. Wazee wa bao, migongo mitatu. Mnasimama ng'ambo ya barabara, mnavuta kwa zumu, mnapiga, mnaondoka. Kisha mnakaa kwenye kikao kubishana kuhusu fremu, wakati ugonjwa wenyewe ni woga.

Najua utakalosema, maana ulishaniambia siku moja: Munkácsi naye alipiga migongo. Ni kweli. Yule Mhungaria, kama mwaka 1930, aliwapiga wavulana watatu wakikimbilia mawimbi, picha ikajulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, na Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alikiri mwenyewe kwamba ndiyo iliyomwasha hadi akashika kamera. Kwa hiyo hii kazi ya mtaani mnayoigiza kutoka Paris, cheche yake moja ilitoka kwa watoto wa huku kwetu Afrika. Na hoja yako naikubali: migongo ile inaenda mahali, maji yanaipokea, hatuudai uso. Mgongo wa kwako, ule wa mama wa Muleba, hauendi popote, umetugeukia tu. Lakini niambie, wavulana wale waliitwa nani? Mpiga picha tunamjua, aliyewashwa tunamjua, na mwaka tunaukisia. Wenye miili hatuna hata jina moja.

Basi Jumatano sikumwambia mtu. Niliichapisha picha yako ya Muleba, saizi ya daftari, nikapanda haisi mapema, tukapita Kemondo na Muhutwe na mvua, nikashuka stendi ya Muleba magoti yamekufa. Nilimtafuta yule mama kwa ndoo yake. Nikamkuta amekaa kwenye kreti, ananyonyoa senene, mabawa yamemganda vidoleni kama maganda ya kitunguu. Nikamsalimu, nikampa.

Akafuta vidole kwenye kitenge kwanza. Akaigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

Nikanyamaza. Akaangalia kitenge cha kwenye picha, akaangalia cha kiunoni mwake.

"Eee! Mimi? Mbona mkanipiga kama nimewanunia? Na mbona senene hawaonekani, watu watajuaje nauza nini?"

Hayo ni makosa mawili kwa pumzi moja, wanangu, na hakusema mbovu.

Akaniuliza mpiga picha alikuwa wapi. Nikamwonyesha ng'ambo, pale zinapoegeshwa bodaboda. Akacheka hadi akashika ubavu.

"Mzee waitu, kutoka pale hadi hapa! Si angeniita tu? Ningegeuka."

Picha amebaki nayo, ameifunikia ndoo kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Jina lake ameniambia, ila sikuandikii, nenda ukamuulize. Senene wake ndio hawa kwenye sahani. Kuleni.