Je, Yafaa Kukataza Ovu kwa Uwongo?

Liko suali ambalo watu hulipita upesi kwa kulidhani jepesi: mtu akikukataza jambo ovu, na jambo lile ni ovu kweli, pana dhara gani akizidisha maneno ili uogope?

Tulitazame katika senema za Marekani za miaka ya 1930. Makampuni makubwa ya Hollywood yalijiwekea sharia mwaka 1930, yakazishika kwa nguvu tangu 1934, na katika hizo ilikatazwa kuonyesha biashara ya madawa ya kulevya. Wachuuzi wadogo walio nje ya makampuni yale wakaona mlango wa chumo. Walitengeneza picha za bangi, afyuni na uzinzi, kisha wakaandika mwanzoni maneno ya nasaha, kwamba haya yaonyeshwa ili wazazi wazinduke. Wakaenda mji hata mji, wakakodi ukumbi, wakatangaza kuwa ni kwa watu wazima tu; na mwenye akili ajua tangazo hilo humwita nani.

Mashuhuri katika hao ni Dwain Esper. Mwaka 1933, alipokuwa akiitembeza picha yake iitwayo Narcotic, aliweka ukumbini maiti ya mwanaadamu, akawaambia watu kuwa huyu ni mla madawa aliyeangamia kwa uraibu wake. Uwongo mtupu. Maiti ile ilikuwa ya Elmer McCurdy, mnyang'anyi wa magari ya moshi aliyeuawa kwa risasi huko Oklahoma mwaka 1911. Alitiwa dawa asioze, jamaa zake hawakuja kumchukua, akawa kitu cha kuonyeshwa kwa fedha. Alizungushwa hata watu wakasahau kuwa ni mtu: mwaka 1976, katika kiwanja cha michezo cha Long Beach, California, alidhaniwa sanamu mpaka mkono ulipokatika na mfupa ukaonekana. Akazikwa 1977. Miaka sitini na sita hana kaburi! Alikuwa mwizi, naam. Lakini mwizi naye hasingiziwi asilotenda, wala maiti hana ulimi wa kukana.

Huyo Esper ndiye aliyeinunua na kuitembeza picha ya mwaka 1936 iliyoitwa kwanza Tell Your Children, kisha Reefer Madness. Ndani yake vijana wavuta bangi, na mara hiyo hucheka kama wenye wazimu, mmoja huuawa kwa risasi, mwengine hupigwa hata akafa, mwanamke hujitupa dirishani.

Sisemi haya kuitetea bangi. Yaharibu akili, na wako ambao huwaamshia wazimu wa kweli. Lakini kijana aliyeambiwa kuwa mvutaji huua, kisha akamuona jirani yake avuta na hakuua mtu, hasemi, "Wazee walizidisha kidogo." Husema, "Wazee ni waongo," na siku wakimwambia habari ya afyuni na mofini, ambazo kweli huua, hatawasikiliza.

Wako watakaosema kuwa uwongo wa maslaha umeruhusiwa. Naam, wa kupatanisha wawili waliogombana. Lakini huo haukatiwi tikti mlangoni. Tena aliyepatanishwa akiujua baadaye hucheka na kushukuru, na huyu akiujua hukasirika.

Wala si kila aliyeshika kazi hii alikuwa mchuuzi. Wallace Reid, mchezaji mashuhuri wa senema, alikufa Januari 1923 kwa sababu ya mofini, na mwaka ule ule mkewe Dorothy Davenport akatoa picha Human Wreckage kuwaonya watu. Yeye aliusema msiba wa nyumba yake. Picha ile imepotea, haionekani tena.

Ya Esper imebaki. Katika miaka ya 1970 Keith Stroup, kiongozi wa chama kitakacho sharia za bangi zilegezwe, aliipata nakala yake kwa dola 297, akaionyesha katika vyuo. Wanafunzi wakaingia kwa kiingilio, wakacheka tangu mwanzo hata mwisho, na fedha zile zikaingia katika mfuko wa chama.